Habari za Kufunguliwa kwa Mlango wa Moyo

Katika viungo vyote vya mwili wa mwanadamu hapana kilichoogopwa na waganga kuliko moyo. Mguu ulikatwa tangu kale, jipu likapasuliwa, hata tumbo likafunguliwa na kushonwa, na wagonjwa wakapona. Lakini moyo uliachwa. Ulikuwa kama chumba ambacho watu wote wa nyumba wajua kuwa kimo, wala hapana athubutuye kuugusa mlango wake. Na sababu zao zilikuwa nzito. Moyo haupumziki tangu mtu yu tumboni mwa mamaye hata siku ya kufa kwake. Ukisimama kwa dakika chache tu, habari zake zimekwisha. Tena umezungukwa na mapafu, na kifua kikifunguliwa hewa huingia, pafu likanywea kama kibofu kilichotobolewa, na mgonjwa akakosa pumzi kabla kisu hakijaufikia moyo wenyewe.

Katika kurasa hizi twataka kueleza jinsi woga huo ulivyoshindwa. Hatutasimulia magonjwa yote ya moyo na mapafu, maana habari zake ni nyingi mno. Tutafuata ugonjwa mmoja tu, ndio ule wa mlango wa moyo uliofungana. Tumeuchagua huo kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya kuutibu kwa kisu ilianza mapema, kisha ikaachwa kwa miaka ishirini na zaidi, na yafaa kujua ni kwa nini iliachwa. Pili, ugonjwa huu ni ugonjwa wa watoto. Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini umekuwa adimu, lakini katika Afrika ya Mashariki ungali umo shuleni mwetu, nao waalimu na wazazi wanaweza kufanya neno juu yake.

MLANGO NA UGONJWA WAKE

Moyo una ukubwa kama wa ngumi ya mwenyewe, na ndani yake mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Damu iliyokwisha kupata hewa safi katika mapafu huingia chumba cha juu cha kushoto, hushuka chumba cha chini cha kushoto, na kutoka hapo husukumwa kwa nguvu kwenda mwili mzima. Kati ya vyumba hivyo viwili pana mlango wenye mabawa mawili membamba. Wafunguka kuelekea chini tu, ili damu ipite; kisha chumba cha chini kikijikaza, mabawa hukutana na kuziba, damu isirudi ilikotoka. Andreas Vesalius, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha mwili wa mwanadamu mwaka wa 1543, aliufananisha mlango huu na kofia ya askofu yenye ncha mbili, iitwayo mitra. Na mpaka leo waganga huuita mlango wa mitra.

Katika mtu mzima mwenye afya, nafasi ya mlango huu ni sentimeta za mraba 4 au zaidi. Ukiharibika sana nafasi hiyo huweza kupungua hata ikawa sentimeta moja, kama tundu la kifungo. Basi damu ifanye nini? Yaja kutoka mapafuni kama kawaida, lakini mlangoni yakuta msongamano. Hurundikana katika chumba cha juu, kisha hurudi nyuma na kujaa katika mapafu yenyewe, kama maji ya mto uliozibwa kwa magogo. Ndipo mgonjwa huanza kutweta akipanda kilima, baadaye hata akitembea mahali tambarare. Usiku hawezi kulala chali, sharti aketi. Hukohoa, na pengine hukohoa damu. Watu wengi wa namna hii wamedhaniwa kuwa na kifua kikuu, kumbe mapafu yao yaonewa bure, na mkosaji ni mlango wa moyo. Wanawake aghalabu huugundua ugonjwa huu wachukuapo mimba, kwa kuwa wakati huo damu ya mwili huongezeka, na mlango mwembamba hauwezi kuipitisha.

Na mwanzo wa mambo hayo yote ni nini? Ni koo. Mtoto wa miaka mitano mpaka kumi na mitano hupatwa na maumivu ya koo yaletwayo na vijidudu viitwavyo streptokoki. Koo hupoa, na watu husahau. Lakini kwa watoto wengine, baada ya wiki mbili au tatu, huja homa pamoja na kuvimba viungo: leo goti, kesho kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko. Mwili uliojizatiti kupigana na vijidudu umekosea shabaha, ukaushambulia mwili wenyewe. Maungo hupona yasiache alama. Moyo haufanyi hivyo. Mabawa ya mlango huvimba, na kila homa ikirudia huumizwa tena, hata yakashikamana kando kando na kuwa magumu. Kazi hiyo ya uharibifu huweza kuchukua miaka mingi pasipo mtu kujua neno.

WALIOTANGULIA

Mtu wa kwanza kushona jeraha la moyo wenyewe, na mgonjwa wake akapona, alikuwa Ludwig Rehn wa mji wa Frankfurt, Ujerumani. Tarehe 9 Septemba 1896 alimfungua kifua kijana aliyechomwa kisu, akaliona tundu katika moyo likitoa damu kwa kila pigo, akalishona kwa nyuzi tatu. Kijana yule akaishi. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule Mwingereza Stephen Paget, katika kitabu chake cha upasuaji wa kifua, alikuwa ameandika kuwa upasuaji wa moyo umefika kwenye mpaka uliowekwa na maumbile, wala hapana njia mpya itakayouvuka. Wino wa kitabu ulikuwa haujakauka vema, na mpaka umekwisha kuvukwa.

Kushona jeraha lakini si sawa na kutibu ugonjwa wa ndani. Mwaka wa 1902 mganga wa London, Lauder Brunton, aliandika katika gazeti la waganga la Lancet kwamba mlango wa mitra uliofungana ungeweza kupanuliwa kwa kisu. Alikuwa amejaribu katika mioyo ya maiti, akaona ya kuwa yawezekana. Hakudai kwamba amemtibu mtu. Alitoa shauri tu. Hata hivyo akalaumiwa hadharani na waganga wenziwe, na hapana aliyelifuata shauri lake kwa miaka ishirini.

Katika miaka hiyo shida ya pafu kunywea ilipata dawa. Ferdinand Sauerbruch wa Breslau, mwaka wa 1904, alitengeneza chumba ambacho hewa yake ilipunguzwa, mwili wa mgonjwa ukawa ndani na kichwa chake nje, ili pafu lisinywee kifua kikifunguliwa. Baadaye, baada ya vita vya 1914 mpaka 1918, Magill na Rowbotham wa Uingereza wakaonyesha njia iliyo rahisi zaidi: mpira mwembamba ulipitishwa katika koo mpaka ndani ya bomba la pumzi, na kwa mpira huo mgonjwa akapewa hewa pamoja na dawa ya usingizi. Chumba kikubwa cha Sauerbruch kikawa hakina kazi tena.

Tarehe 20 Mei 1923, katika mji wa Boston, Marekani, Elliott Cutler alimpasua msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kufa. Akaingiza kisu chembamba kwa ukuta wa chini wa moyo uliokuwa ukipiga, akaukata mlango pasipo kuuona. Msichana akapona jeraha lake, akaishi miaka minne na zaidi. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Mei 1925, Henry Souttar wa London alimtibu msichana mwingine kwa njia tofauti. Yeye aliingiza kidole chake katika chumba cha juu cha moyo, akaupapasa mlango, akaupanua kwa kidole kile kile. Kisu hakukitumia. Aliandika kwamba kidole kiliweza kutambua mambo yaliyo ndani, na ya kuwa moyo wavumilia kushikwa kuliko watu walivyodhani. Msichana yule naye alirudi kwao akaishi miaka kadhaa.

Hapo msomaji atadhani ya kuwa mlango umekwisha kufunguliwa, na wagonjwa wakaanza kumiminika. Haikuwa hivyo. Cutler aliwapasua wengine, nao walikufa mmoja baada ya mmoja kwa saa au siku chache, hata ilipofika mwaka wa 1929 akaacha. Souttar hakupata mgonjwa wa pili. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1961, alimweleza mwenzake wa Marekani katika barua kwamba waganga wa magonjwa ya ndani walikataa kumpelekea watu, wakisema kazi hiyo ni upuzi wala haina haki ya kufanywa. Mlango ukakaa umefungwa kwa miaka ishirini na mitatu.

KWA NINI WALISIMAMA

Ni vyepesi kuwalaumu watu wa zamani. Lakini tukitazama vema twaona sababu mbili, na zote mbili zafundisha.

Sababu ya kwanza ilikuwa ni fikira. Katika Uingereza mwalimu mkuu wa magonjwa ya moyo alikuwa James Mackenzie, mtu mwenye elimu kubwa na sifa za haki. Mackenzie alifundisha kwamba tatizo la moyo mgonjwa li katika nyama yake, yaani nguvu za kusukuma, wala si katika mlango. Akisikia mlio wa mlango mbovu hakuuhangaikia sana. Kwa magonjwa mengine neno hilo lina kweli ndani yake, lakini kwa mlango wa mitra uliofungana ni kinyume: chumba cha chini aghalabu ni kizima, chasubiri damu tu, nayo haipiti. Wanafunzi wake walilishika fundisho lote, pale lilipofaa na pale lisipofaa. Basi alipokuja mtu na kusema, “Nitaufungua mlango,” wao walisikia kama mtu asemaye atamponya mwenye njaa kwa kumpanulia kinywa.

Sababu ya pili ilikuwa ni chombo. Baada ya msichana yule wa kwanza, Cutler aliacha kisu chembamba, akatumia chombo kilichokata na kuondoa kipande cha bawa. Alitaka nafasi kubwa, akaipata. Lakini mlango una kazi mbili, kufunguka na kufunga. Mlango uliokatwa kipande hauwezi kufunga. Damu hupita kwenda chini, kisha hurudi juu kwa nguvu kila moyo ujikazapo. Moyo uliozoea shida moja ulitwishwa nyingine kwa ghafula, ukashindwa. Aliondoa ugonjwa mmoja akaweka mwingine mkubwa zaidi. Kidole cha Souttar kilikuwa kimefanya vizuri kwa sababu hakikuondoa kitu. Kilitenganisha tu kilichoshikamana. Funzo hilo lilikuwako, limeandikwa na kupigwa chapa tangu 1925, wala hapana aliyeliokota.

VITA, NA MWAKA WA 1948

Vita vya pili vya dunia vilileta watu wengi wenye vipande vya risasi na vya makombora vifuani. Mpasuaji kijana wa Kimarekani, Dwight Harken, aliyekuwa katika hospitali ya jeshi nchini Uingereza, alivitoa vipande 134 vilivyokuwa moyoni au karibu nao, na 13 kati ya hivyo vilikuwa ndani ya vyumba vya moyo vyenyewe. Hapana askari hata mmoja aliyekufa kwa kupasuliwa huko. Watu wakaona kwa macho kwamba moyo si chombo cha kioo. Tena vita vilieneza penisilini, na desturi ya kuweka damu ya akiba, mambo mawili ambayo Cutler hakuwa nayo.

Katika mji wa Philadelphia alikuwako Charles Bailey. Alipokuwa mtoto wa miaka 12 alimwona baba yake akifa kwa ugonjwa huu huu, akikohoa damu. Alipokuwa mpasuaji aliazimu kuufungua mlango. Mgonjwa wake wa kwanza, mwaka wa 1945, alikufa mezani, kwa kuwa ukuta wa chumba cha juu ulichanika na damu ikamwagika. Wa pili alikufa mwaka wa 1946 baada ya siku mbili. Wa tatu akafa mwezi wa Machi 1948. Watu wakaanza kumwita mchinjaji, na hospitali zikamfungia milango, moja baada ya moja.

Siku ya tarehe 10 Juni 1948 alipanga kupasua watu wawili katika hospitali mbili za mji ule ule. Alifanya hivyo kwa kuwa alijua ya kuwa asubuhi ikienda vibaya, habari zake zikisikiwa atakatazwa. Asubuhi mgonjwa wake wa nne akafa. Alasiri alikwenda hospitali ya pili, akampasua mwanamke wa miaka 24. Alipitisha kidole na kisu kidogo pamoja, akapasua pale pale tu mabawa yaliposhikamana, wala hakuondoa kitu. Mwanamke yule akaishi. Wiki moja baadaye Bailey alisafiri naye kwa gari la moshi mpaka Chicago, akamsimamisha mbele ya mkutano wa waganga wamwone. Naye aliishi miaka 38 baada ya siku ile.

Siku sita baadaye, tarehe 16 Juni, Harken alifanya kazi kama hiyo huko Boston, na mgonjwa wake akapona. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Russell Brock akaifanya katika Hospitali ya Guy, London, kwa kidole, kama Souttar. Watu watatu katika miji mitatu, ndani ya miezi mitatu, waliufungua mlango uliofungwa tangu 1925.

Hapa pana swali ambalo halifai kurukwa. Je, Bailey alikuwa shujaa, au alikuwa mtu asiyejali roho za watu? Waliomfungia milango hawakuwa wajinga. Walihesabu maiti nne. Na mtu akisema kwamba yule wa tano alipona, kwa hiyo yote yalikuwa halali, amesema neno la hatari, maana kwa hoja hiyo kila mzembe aweza kujitetea kwa kusema kwamba anangoja wa tano wake. Neno lenye uzito ni hili: wagonjwa wale walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wao, wala hapakuwa na dawa nyingine, na Bailey hakuua kwa njia ile ile mara mbili. Kila kifo alikichunguza, akalijua kosa lake, akalibadili. Ukuta ulipochanika alitafuta namna ya kuushika usichanike. Mlango uliopanuliwa kwa kidole uliporudi kufungana, akajua kwamba sharti mshikamano wenyewe ukatwe. Tofauti ya ujasiri na uzembe ni katika kulitazama kosa, wala si katika bahati ya mwisho.

Hata Harken, aliyesifiwa na wote, alipita njia hiyo. Wengi katika wagonjwa wake wa kwanza wa mlango wa mitra walikufa, naye akakata tamaa, akasema hatapasua tena. Mwenzake, mganga wa magonjwa ya moyo Laurence Ellis, alimwendea akamwambia kwamba yeye ataendelea kumpelekea wagonjwa, kwani alijua ya kuwa wote walikuwa wa kufa, na wale waliopona wasingalipona pasipo yeye. Harken akarudi kazini, na waliofuata wakapona kwa wingi. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Lakini tuangalie: koleo la Harken liliokotwa na mtu mwingine, ndiye yule mganga wa ndani. Souttar alikuwa na mkono mwema kama wa Harken, ila yeye hakupata Ellis wake.

MASHINE, MLANGO WA CHUMA, NA PUTO

Kidole kilikuwa na mipaka yake. Kilifanya kazi gizani, katika moyo upigao, na mlango ulioharibika sana haukuweza kutengenezwa hivyo. Ilitakiwa njia ya kuusimamisha moyo na kuutazama.

Kazi hiyo ilifanywa na John Gibbon. Mwaka wa 1931, akiwa Boston, alikesha usiku kucha kando ya mwanamke ambaye bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa mapafu yake. Naye alipopasuliwa hakupona. Gibbon akawaza kwamba, kama damu ingetolewa nje, ikapewa hewa na mashine, ikarudishwa mwilini, yule mama angaliweza kuishi. Akaanza kutengeneza mashine hiyo pamoja na mkewe, aliyekuwa msaidizi wake kazini. Iliwachukua zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, msichana wa miaka 18 aliyekuwa na tundu moyoni alifanyiwa upasuaji, na kwa dakika 26 mashine ilifanya kazi ya moyo wake na mapafu yake. Akapona. Wawili waliofuata wakafa, wote watoto, na Gibbon mwenyewe akaacha. Wengine wakaipokea mashine yake, wakaisahihisha; na tangu mwaka wa 1955 John Kirklin na wenzake wa Mayo Clinic waliitumia kwa wagonjwa wengi.

Moyo ulipoweza kusimamishwa, mlango mbovu uliweza kuondolewa na mwingine kutiwa mahali pake. Mwaka wa 1960 mpasuaji Albert Starr, pamoja na mhandisi Lowell Edwards, walitia mlango wa kutengenezwa: tufe dogo ndani ya kizimba cha chuma, likipanda na kushuka kwa kila pigo. Baadaye ikatengenezwa milango ya namna nyingine, hata ya nyama ya moyo wa nguruwe iliyotiwa dawa isioze.

Kisha, kwa yule ambaye mlango wake umefungana lakini mabawa yake hayajawa magumu mno, njia ikarudi kule kule kwa Souttar, ila pasipo kifua kufunguliwa. Mwaka wa 1982 Mjapani Kanji Inoue alipitisha mpira mwembamba katika mshipa wa paja mpaka moyoni, na penye ncha yake palikuwa na puto dogo. Puto likiwa katikati ya mlango hujazwa maji, nalo huyatenganisha mabawa yaliyoshikamana; kisha hutolewa. Puto lafanya kazi ile ile ya kidole cha 1925.

HABARI ZA KWETU

Sasa tuseme habari za Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hapa aliyehitaji kupasuliwa moyo alipelekwa ng'ambo, akipata mtu wa kumlipia. Asiyepata alikaa nyumbani na kutweta kwake. Mambo yamebadilika. Katika Tanzania upasuaji wa moyo uliofunguliwa ulianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka wa 2008, na mwaka wa 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanza kazi yake mahali pale pale. Huko Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda, katika eneo la Mulago. Katika Kenya, Hospitali ya Tenwek karibu na mji wa Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka wa 1937 kama zahanati ndogo, leo hupasua mioyo iliyoharibiwa na ugonjwa huu tunaousimulia.

Hayo ni mambo ya furaha. Lakini mtu asidhani kwamba kupasuliwa kwamaliza shauri. Aliyetiwa mlango wa chuma sharti anywe dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote, na damu yake ipimwe mara kwa mara. Ikipungua dawa, bonge huweza kuuziba mlango. Ikizidi, damu humtoka. Kwa msichana anayekaa safari ya siku nzima kutoka hospitali, huo ni mzigo mzito. Na akichukua mimba, dawa hiyo yenyewe ina hatari kwa mtoto aliye tumboni. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kati ya 2010 na 2012 katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, ukiongozwa na Bongani Mayosi wa Cape Town, ulipata wagonjwa 3,343 wa milango ya moyo iliyoharibiwa hivyo. Nusu yao walikuwa hawajapita miaka 28, na kama theluthi mbili walikuwa wanawake. Hao ndio mama wa watoto wachanga na vijana wa kazi.

Yafaa tujue pia kwamba Ulaya na Marekani hazikuushinda ugonjwa huu kwa kisu. Ulikuwa umeanza kupungua huko hata kabla ya penisilini, watu walipopata nyumba zisizosongamana na maisha yaliyo bora. Kisha penisilini ikaongeza mbio. Vidole vya Bailey, Harken na Brock viliokoa maelfu, lakini vilivyoondoa ugonjwa ni vyumba vyenye nafasi na dawa ya koo.

Na kwetu ushahidi umekwisha kupatikana. Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, waganga walipima mioyo ya watoto zaidi ya laki moja, wakawachagua 818 wenye umri wa miaka 5 mpaka 17, ambao milango yao ya moyo ilionyesha dalili za kwanza za ugonjwa, wala wenyewe hawakujisikia kuumwa. Nusu walipigwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, na nusu hawakupigwa. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 2021. Katika wale waliopigwa sindano, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu; katika wale wasiopigwa, uliendelea kwa 33. Sindano hiyo ni ya bei ndogo, wala haihitaji mashine ya Gibbon. Yahitaji mtu wa kuhesabu wiki nne na mtoto wa kuja siku yake.

Ndiyo sababu habari hizi zimeandikwa kwa waalimu na wazazi. Mpasuaji hamwoni mtoto wakati koo limuumapo, ninyi mwamwona. Mtoto mwenye koo lenye maumivu na homa, pasipo mafua wala kikohozi, apelekwe zahanati atazamwe, wala asipewe maji ya chumvi tu na kuachwa. Mtoto ambaye viungo vyake vimevimba kwa zamu, goti kisha kiwiko, asiambiwe kwamba ni maumivu ya kukua; apelekwe hospitali, hata kama amepoa kabla ya kufika. Mtoto anayebaki nyuma katika mchezo, akiketi kutweta wenziwe wakikimbia, asiitwe mvivu kabla moyo wake haujasikilizwa. Na yule aliyekwisha kuamriwa sindano ya kila mwezi akumbushwe siku yake, naye apewe ruhusa ya kutoka darasani pasipo maneno mengi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa ugonjwa huu tumeuona: ni kifua kufunguliwa, mashine, mlango wa chuma, na dawa ya kila siku hata kufa. Watu wenye mioyo mikuu walitumia nusu karne kujifunza kuujenga, na wengi walikufa katika kujifunza huko. Heshima yao haipungui tukisema kwamba kazi iliyobaki ni ya ufa, na ufa u katika koo la mtoto.